Kutoonekana na Kutokuwepo: Metali Ndani ya Maji na Mipaka ya Kujua

Miongoni mwa kauli zote ambazo mwanadamu hutoa kuhusu ulimwengu, iliyo ngumu zaidi kuthibitisha ni ile inayosema kwamba kitu fulani hakipo. Anayedai kuwa kitu kipo anahitaji kukionyesha mara moja tu, na mjadala ukaisha. Anayedai kuwa hakipo analazimika kueleza alitafuta wapi, kwa chombo gani, kwa makini kiasi gani, na kwa nini kutokiona kwake kuhesabiwe kuwa habari ya kitu chenyewe badala ya kuwa habari ya udhaifu wa macho yake. Suala hili ni kongwe katika falsafa na katika elimu ya dini, lakini kuna mahali ambapo hujitokeza kila siku bila kishindo, nako ni katika karatasi ya majibu inayotoka maabara ya maji, ambamo mbele ya jina la risasi, kadmiamu au zebaki huandikwa tu kwamba haikugunduliwa. Makala haya yanapima uzito wa kauli hiyo kwa kufuata historia ya chombo kimoja, spektrometa ya ufyonzaji wa atomu, na yanashikilia kwamba kuboreshwa kwa chombo hicho hakukumfikisha mwanadamu kwenye uhakika wa kutokuwepo, bali kulidhihirisha kwamba kauli ya kutokuwepo ni uamuzi wake mwenyewe, na kwa hiyo ni jambo analopaswa kuulizwa.

Msingi wa chombo hicho si mgumu kuueleza. Atomu za kila elementi, yaani chembe ndogo kabisa zinazobeba tabia ya elementi hiyo, hufyonza mwanga wa rangi fulani mahususi na kuuachilia mwingine upite. Sodiamu hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589.0 na 589.6, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Risasi hufyonza katika 217.0 na 283.3, na zebaki katika 253.7. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Bavaria, alichora mamia ya mistari myeusi inayokatiza rangi za mwanga wa jua bila kujua chanzo chake, na mwaka 1859 Gustav Kirchhoff, akishirikiana na Robert Bunsen huko Heidelberg, akabainisha kwamba mistari ile ni alama za elementi zilizomo katika tabaka la nje la jua, ambazo hufyonza mwanga unapopita kuelekea duniani. Auguste Comte, mwanafalsafa wa Kifaransa, alikuwa ameandika mwaka 1835 kwamba kemia ya nyota ni jambo ambalo mwanadamu hatalijua kamwe. Alifariki mwaka 1857, miaka miwili kabla ya kukanushwa. Wengi hukitaja kisa hiki ili kumcheka, jambo lisilo la haki, kwani Comte hakukosea kuamini kwamba kujua kuna mipaka. Alikosea kuiweka mipaka hiyo pale vyombo vya zama zake vilipokomea. Kosa hilohilo hurudiwa na kila asomaye kwamba risasi haikugunduliwa akaelewa kwamba risasi haimo.

Katika msingi huo mna jambo linalostahili kutafakariwa kwa utulivu. Kuwepo kwa metali hapa hujulikana kwa njia ya upungufu: taa huwashwa upande mmoja, kipokezi hupima mwanga upande wa pili, mvuke wa sampuli huwekwa katikati, na kiasi cha mwanga kilichopotea njiani ndicho ushahidi wa atomu zilizokuwa njiani. Kutokuwepo kwa metali, kwa upande wake, husomwa pale mwanga unapofika kamili. Hata hivyo hakuna taa ambayo mwanga wake hubaki na nguvu ileile kutoka sekunde moja hadi nyingine, wala hakuna kipokezi kisicho na mtikisiko wake, na metali iliyo chache mno huacha upungufu mdogo mno, unaofanana kabisa na mtikisiko huo wa kawaida. Chombo basi hakiulizwi kama mwanga umepungua, kwa maana mwanga hupungua na kuongezeka wakati wote; huulizwa kama upungufu huu una maana, na maana ni kitu ambacho hakuna taa iwezayo kukitoa.

Ingawa Kirchhoff alikuwa ameeleza ufyonzaji karibu karne nzima kabla, wakemia waliendelea kupima mwanga unaotolewa na atomu zilizopashwa moto, hadi Alan Walsh, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la utafiti wa kisayansi la Australia mjini Melbourne, alipotambua mwaka 1952, na kuchapisha mwaka 1955, kwamba njia ya kinyume ina faida kubwa. Ndani ya mwali wa moto atomu nyingi mno hubaki katika hali ya utulivu, tayari kufyonza, na ni chache tu zinazong'aa. Anayepima ufyonzaji anahesabu umma wote, ilhali anayepima mng'ao anahesabu wachache waliochangamka. Ugumu ulikuwa kwamba mstari wa ufyonzaji ni mwembamba kupita kiasi, na taa ya kawaida yenye rangi zote humwaga mwanga mwingi pembeni mwa mstari huo, hata upungufu wenyewe usionekane. Walsh alitumia taa ambayo ndani yake mna kikombe kidogo kilichotengenezwa kwa metali ileile inayotafutwa, ili mwanga utokao uwe hasa ule ambao atomu za metali hiyo huukubali. Risasi hutafutwa kwa taa ya risasi, shaba kwa taa ya shaba.

Uzuri wa ufumbuzi huo ndio pia mpaka wake, kwa sababu taa ya risasi haioni aseniki hata kama maji yamejaa aseniki. Chombo hujibu lile tu lililoulizwa, na orodha ya maswali hutungwa kabla ya sampuli kuchotwa. Historia ya Bangladesh ni ushahidi mzito wa jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970 visima vingi vya bomba vilichimbwa huko ili kuwaepusha wananchi na maji ya madimbwi na mito yaliyokuwa yakieneza maradhi ya kuhara, na nia ilikuwa njema, na maradhi hayo yakapungua. Lakini matabaka ya mashapo ya chini yalikuwa na aseniki, sumu ambayo wakemia huiweka mpakani mwa metali na zisizo metali, na haikutambuliwa rasmi katika visima vya nchi hiyo hadi mwaka 1993. Mwaka uliotangulia, Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza ilikuwa imepima maji ya baadhi ya visima hivyo kwa ajili ya elementi nyingi, aseniki haikuwa miongoni mwazo, na ripoti yake haikuitaja. Shauri lililofunguliwa baadaye lilifika hadi baraza kuu la rufaa la Uingereza wakati huo, House of Lords, ambalo mwaka 2006 liliamua kwamba waliofanya uchunguzi ule hawakuwa na wajibu wa kisheria kwa mlalamikaji. Uamuzi huo una mantiki yake katika sheria, kwa kuwa ripoti haikudai kwamba aseniki haipo. Katika maadili hata hivyo swali halijafungwa, maana msomaji wa kawaida akikabidhiwa orodha ndefu ya vitu vilivyopimwa huchukulia kwamba kisichotajwa hakina hatari. Kutotafuta na kutopata ni mambo mawili yasiyo na undugu, ingawa kwenye karatasi huacha nafasi tupu iliyo sawa.

Maboresho yaliyofuata baada ya Walsh yalilenga kuongeza uwezo wa kuona vilivyo vichache. Katika chombo cha mwali, myeyusho hunyunyizwa kuwa ukungu kabla ya kuingia motoni, na sehemu kubwa ya ukungu huo, zaidi ya asilimia 90, hutiririka kwenda katika chupa ya taka bila kufika kwenye moto; kile kinachofika nacho hupita mbele ya mwanga kwa sehemu ndogo ya sekunde tu. Boris L'vov, akifanya kazi Leningrad mwishoni mwa miaka ya 1950, aliuacha mwali na kutumia mrija mdogo wa grafiti unaopashwa moto kwa umeme, ambamo tone la mikrolita kama 20 hukaushwa, huchomwa ili kuondoa uchafu wa kioganiki, kisha hupandishwa ghafla hadi nyuzi joto zaidi ya 2,000 za Selsiasi, na atomu zote zikabaki zimefungiwa mle ndani kwa muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni kwamba kwa risasi, ambayo mwali huanza kuiona inapofika takriban mikrogramu 10 katika lita moja, tanuru la grafiti huiona hata ikiwa imepungua mara 100.

Lakini kuona zaidi si sawa na kuona kweli. Tanuru lilipoanza kutumika kwa maji ya bahari, damu na mkojo, chumvi zilizomo zilitoa moshi na mvuke wa molekuli uliozuia mwanga kwa wingi kuliko metali yenyewe, na chombo, kisichojua tofauti kati ya kivuli cha moshi na kivuli cha risasi, kikatangaza risasi isiyokuwepo. Mara nyingine kloridi ikaichukua risasi na kuipeperusha wakati wa kuchoma, kabla ya kipimo kuanza, na chombo kikatangaza usafi usiokuwepo. Tiba zilikuja moja baada ya nyingine: taa ya pili ya deuteri inayopima moshi peke yake ili utolewe katika hesabu, sumaku yenye nguvu inayogawa mstari wa atomu, kwa kufuata tukio lililogunduliwa na Pieter Zeeman mwaka 1896, na kuiacha molekuli ya moshi karibu bila kuguswa, kibamba kidogo cha grafiti ndani ya mrija kinachochelewesha uvukizaji mpaka hewa ya ndani iwe imetulia katika joto lake, na chumvi za paladi na magnesi zinazoishika metali isitoroke mapema. Mwanafalsafa atakayezitazama tiba hizi ataona kwamba karibu zote ni njia za kukifundisha chombo kuukana ushahidi wake mwenyewe. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, katika kitabu chake cha kujieleza jinsi alivyotoka katika shaka, alitoa mfano wa kivuli ambacho jicho hukiona kimesimama ilhali kinasogea, ili kuonyesha kwamba hisi huhitaji hakimu aliye juu yake. Wapimaji wa kisasa wameweka hakimu wa namna hiyo juu ya macho ya mashine pia, na hakimu huyo naye huhitaji kukaguliwa.

Kadiri kikomo kilivyoshuka, lilijitokeza tatizo jingine ambalo halikutarajiwa, nalo ni mpimaji kujikuta ndani ya kipimo chake. Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani aliyekadiria umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.55, aligundua, kwa njia tofauti ya kupima isotopu za risasi, kwamba sehemu kubwa ya risasi iliyokuwa ikiripotiwa na maabara nyingi ilitoka katika vumbi la maabara zenyewe, katika vyombo, katika asidi za kuyeyushia na katika hewa iliyojaa moshi wa petroli yenye risasi. Mwaka 1980 yeye na mwenzake Dorothy Settle walionyesha kwamba nyama ya samaki jodari ambaye hajasindikwa ilikuwa na risasi takriban nanogramu 0.3 katika gramu moja, ilhali maabara ya serikali iliyopima samaki wa aina hiyo ilikuwa imepata 400. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara 1,000 ilikuwa na madhara makubwa katika siasa za afya, kwa kuwa kama samaki wa bahari kuu ana risasi nyingi kiasi hicho kwa asili yake, basi risasi iliyomo katika samaki wa kopo lililochomelewa kwa risasi huonekana kuwa nyongeza ndogo tu. Hapa kosa halikuwa la kutoona, lilikuwa la kuona kupita kiasi, na lilimsaidia mchafuzi vilevile kama ambavyo kutoona kungemsaidia.

Kwa sababu hizi wapimaji walilazimika kukubaliana juu ya kanuni ya kusema ndiyo na hapana. Utaratibu ulioenea ni wa kupima mara nyingi sampuli tupu, yaani maji safi yaliyopitishwa katika hatua zote bila metali inayotafutwa, kisha kutafuta ukubwa wa kutawanyika kwa majibu yake, unaoitwa mkengeuko sanifu, na kuamua kwamba ishara yoyote isiyozidi wastani wa sampuli tupu kwa mikengeuko 3 haitahesabiwa kuwa metali. Namba 3 haikuteremka kutoka mbinguni. Imechaguliwa ili mpimaji asiitangaze metali isiyokuwepo ila kwa nadra sana. Lloyd Currie, mkemia wa Marekani, alieleza mwaka 1968 jambo ambalo wengi hawakupenda kulisikia, kwamba uchaguzi huo hulinda upande mmoja tu. Maji yenye metali kwa kiasi kilicho sawasawa na kikomo hicho, yakipimwa tena na tena, yatatoa jibu la chini ya kikomo karibu nusu ya mara zote, na kila mara karatasi itaandikwa kwamba metali haikugunduliwa. Kuna makosa ya namna mbili, kutangaza kisichokuwepo na kunyamazia kilichopo. Anayeshusha moja bila kuboresha chombo hupandisha la pili, na hakuna fomula itakayomwambia ni lipi alihofu zaidi. Mmiliki wa kiwanda atahofu la kwanza, mama anayemchotea mtoto wake maji atahofu la pili, na aliyeiweka kanuni, ajue asijue, ameshachagua ni nani wa kumsikiliza.

Elimu ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ilikwisha kukutana na swali hili katika mlango wa tahara, yaani usafi wa kiibada, na haikulikwepa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, maji yasiyofika kulateni, kiasi ambacho aghalabu hukadiriwa kuwa lita 200 na ushei, hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata yasipobadilika, ilhali yaliyofika kiasi hicho hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu yake igeuke. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho wanazuoni wa mwambao wanakijua vyema, aliipa nguvu kauli isemayo kwamba najisi ndogo mno ambayo jicho haliifikii husamehewa. Muundo wa hukumu hii unastahili kuzingatiwa, kwa kuwa fakihi hasemi kwamba najisi hiyo haipo. Anakubali kwamba huenda ipo, kisha anasema kwamba wajibu haukufungamanishwa nayo, kwa sababu kumtaka mja ajilinde na asichoweza kukiona ni kumtwisha asichokiweza. Pamoja na hilo mna kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, kwa hiyo maji ambayo asili yake ni tohara hubaki tohara mpaka kinyume chake kithibitike. Kwa maneno mengine, fakihi alikuwa na kikomo chake cha ugunduzi, jicho la kawaida, na alikitamka wazi, jambo ambalo karatasi nyingi za maabara hazifanyi.

Ingekuwa kosa hata hivyo kuuhamisha msamaha huo kutoka mlango wa tahara hadi mlango wa afya. Najisi ni sifa ya kisheria inayohusu ibada, na Mwenye kuamrisha ibada ndiye mwenye kusamehe. Risasi hufanya kazi katika ubongo wa mtoto bila kuangalia kama imeonekana au la. Mambo yanayodhuru mwili yamo chini ya kanuni nyingine ya fiqhi, ile ya kuondoa madhara, na mbele ya kanuni hiyo udogo wa kitu hautoshi kuwa udhuru endapo madhara yake yamethibiti. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwongozo cha risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, huku likieleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Nacho kiwango cha aseniki, ambacho pia ni mikrogramu 10 kwa lita tangu 1993, kimeitwa cha muda kwa kuzingatia ugumu wa kuiondoa aseniki majini na uwezo wa maabara kuipima. Namba hizo basi si mstari unaotenganisha salama na hatari. Ni mapatano kati ya hatari na uwezo, na uwezo ukibadilika, mapatano yanapaswa kufunguliwa upya, jambo ambalo kwa aseniki limekwisha kutokea, kwani kiwango cha kabla ya 1993 kilikuwa mikrogramu 50. Mja aliyesamehewa asichoweza kukiona hawezi kuendelea kudai msamaha baada ya kupewa chombo cha kukiona.

Huenda ikapingwa kwamba hoja hii inaelekea kwenye shaka isiyo na kikomo, kwa kuwa kama kutokuwepo hakuthibitiki, basi hakuna maji yatakayoitwa safi. Hesabu yenyewe inaonekana kuutia nguvu upinzani huo: lita moja ya maji yenye mikrogramu 0.1 ya risasi, kiasi ambacho tanuru zuri la grafiti huanza kushindwa kukitofautisha na sampuli tupu, ina atomu za risasi zipatazo trilioni 290, na zote hizo zinaweza kukaa kwa raha ndani ya neno haikugunduliwa. Lakini jibu halimo katika shaka. Anayesema kwamba risasi, ikiwa imo, haizidi mikrogramu 0.1 kwa lita, na kwamba njia yake huikosa metali ya kiasi hicho kwa nadra iliyotajwa, amesema jambo lenye nguvu kuliko aliyesema kwamba haimo, kwa kuwa kauli yake inaweza kukaguliwa, kulinganishwa na kiwango cha afya, na kukanushwa na chombo bora zaidi. Shaka iliyopimwa ni elimu. Kinachopaswa kuogopwa ni ukimya unaovaa nguo za yakini, kwa mfano pale maabara inapotumia mwali ambao kikomo chake kwa risasi kinafika mikrogramu 15 kwa lita, kisha ikaandika kwamba haikugunduliwa katika maji ambayo kiwango chake cha mwongozo ni 10. Karatasi ya namna hiyo haina uongo hata kidogo, na haina faida yoyote kwa anayekunywa maji hayo.

Kwa hiyo yeyote anayekabidhiwa majibu ya maji ya kisima, awe mwenyekiti wa kijiji, imamu wa msikiti, padri wa parokia au mzazi, na aombe kuandikiwa mambo matatu kabla ya kuipokea karatasi: metali zipi zilitafutwa na zipi hazikutafutwa, kikomo cha chombo kilichotumika ni mikrogramu ngapi kwa lita, na kikomo hicho kiko chini ya kiwango cha afya kwa kiasi gani. Maabara isiyoweza kuyajibu hayo haijamaliza kupima.